Amana ya Silaha na Kalamu ya Mwandishi



Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani Tukufu haielezi Sala, wala Saumu, wala Haji. Inaeleza habari ya kuandika deni. Ndani ya Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu anawaamuru wenye kuamini kwamba wakopeshanapo kwa muda maalumu waliandike deni hilo, liwe dogo au kubwa, wala wasichoke kuliandika. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika, kwani elimu hiyo amepewa na Mungu. Wawepo mashahidi, tena mwandishi na shahidi wasidhuriwe kwa sababu ya kazi yao.

Mwenye kufikiri atajiuliza: Kwa nini Mwenyezi Mungu, Ajuaye yote, amelipa jambo la wino na karatasi nafasi kubwa namna hii? Jibu lake ni kwamba binadamu husahau, hufa, na hushawishika. Lakini maandishi yaliyotunzwa hayasahau, tena hubaki baada ya aliyeyaandika kuingia kaburini.

Basi, ikiwa deni la debe moja la mahindi linastahili kuandikwa na kushuhudiwa, tuseme nini juu ya chombo kiwezacho kuitoa roho ya mtu kwa kukunjwa kidole kimoja? Hilo ndilo nitakalo kulieleza leo, kwa kuwakusudia hasa ndugu zetu wa Tunduma na mkoa wote wa Songwe, ingawa maneno haya yanamhusu kila raia mwema popote alipo.

MJI ULIO MLANGONI

Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 1,300,000. Upande mmoja umepakana na Zambia, upande mwingine na Malawi, ambako mto Songwe wenyewe ndio mpaka. Tunduma ni mlango wa mkoa huu, na kwa hakika ni mlango wa nchi. Hapo hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Hapo huvuka reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Na hapo mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni mchana na usiku. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na mtu huvuka kwenda kumwamkia shangazi yake kama avukavyo mtaa.

Hii ni neema kubwa. Lakini kila neema ina mtihani wake. Njia ipitishayo sukari na saruji yaweza pia kupitisha kitu kilichofichwa chini ya magunia. Na pale wageni wanapokuwa wengi kuliko wenyeji, swali la kwamba kitu hiki ni cha nani, na kimetoka wapi, huwa gumu kujibiwa kwa kutazamana usoni. Hujibiwa kwa daftari tu.

HISTORIA INATUFUNDISHA

Wazee wa sehemu hizi wana historia isiyotakiwa kusahauliwa. Vita Kuu ya Kwanza, iliyowatesa mababu zetu kwa upagazi, njaa na maradhi, haikumalizikia Ulaya peke yake. Mapema mwezi wa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani lililoongozwa na von Lettow-Vorbeck lilipita Fife, karibu kabisa na mpaka huu wa Tunduma, na tarehe 25 Novemba 1918 lilisalimisha silaha zake rasmi mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Silaha hizo zilihesabiwa na kuandikwa: mzinga mmoja, bunduki 37 za rashasha, bunduki za kawaida 1,071, na risasi zipatazo 208,000.

Jambo la kuzingatia ni hili. Mzinga ule ulikuwa wa Wareno. Katika bunduki zile 37 za rashasha, saba tu ndizo zilizokuwa za Kijerumani. Na zile bunduki 1,071 zilikuwa za Kiingereza na Kireno! Yaani jeshi la Wajerumani lilikuwa likipigana kwa silaha za adui zake. Basi fahamuni kwamba bunduki haina utii kwa yeyote. Leo iko mkononi mwa mlinzi, kesho iko mkononi mwa yule aliyekuwa akilindwa asiingie. Haimjui aliyeinunua, wala haiulizi anayepigwa ni nani. Tungejuaje hayo kama makarani wa siku ile wasingeandika? Kalamu ndiyo iliyotuambia ukweli ambao bunduki zenyewe zisingeweza kuusema.

Tena tazameni upande wa kaskazini. Mwaka 1979, vita vya Kagera vilipomwangusha Idi Amin na askari wake wakakimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto, nchini Uganda, lilibaki bila mlinzi. Watu wa Karamoja waliingia wakachukua maelfu ya bunduki. Kabla ya hapo wizi wa mifugo ulikuwepo, lakini aghalabu ulikuwa wa mikuki. Tangu hapo ukawa wa risasi. Mwaka 2001 serikali ya Uganda ilianza kazi ya kuzikusanya bunduki katika sehemu hizo, na mwaka 2021 ililazimika kuianza upya. Wako waliokufa kwa risasi ambao hawakuwa wamezaliwa siku ghala lile lilipovunjwa. Hayo ndiyo matunda ya silaha zisizo na mlinzi wala daftari.

Kwetu Tanzania pia tumeonjeshwa uchungu huo. Tarehe 12 Julai 2015 majambazi walikivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakawaua askari na raia, wakachukua bunduki zilizokuwemo. Baadhi ya silaha zilipatikana baadaye zimefukiwa ardhini huko Mkuranga. Silaha iliyowekwa ili ilinde uhai iligeuzwa kuwa sababu ya kuuondoa. Katika msiba wa namna hiyo, kitabu chenye namba za bunduki ndicho kinachoweza kusema kwa yakini ngapi zimekwenda, ngapi zimerudi, na ngapi bado zinatembea.

KUMBUKUMBU ZA SILAHA NI NINI?

Huenda msomaji akauliza: Serikali huandika nini hasa? Nitaeleza kwa ufupi.

Silaha ndogo ni zile achukuazo mtu mmoja, kama bastola na bunduki. Silaha nyepesi ni zile ziwezazo kuchukuliwa na kutumiwa na watu wachache pamoja, kama rashasha kubwa na mizinga midogo. Kila silaha itokayo kiwandani hupasa kuchapwa juu ya chuma chake alama ya aliyeitengeneza, nchi yake, na namba yake isiyofanana na nyingine. Namba hiyo ni kama jina la mtoto. Lakini jina peke yake halitoshi. Sharti liandikwe kitabuni: nani aliiuza, nchi gani iliipokea, ghala gani liliiweka, askari au raia gani alikabidhiwa, na siku gani alirudisha. Kila mkono unaoipokea ni pete moja katika mnyororo. Pete moja ikikosekana, mnyororo mzima umekatika. Mpelelezi atakayeiokota bunduki hiyo mahali pa mauaji atakuwa na chuma tu, hana habari.

Mataifa yamelitambua jambo hili. Nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania, Zambia na Malawi zikiwemo, ziliandikiana mapatano juu ya silaha mwaka 2001 huko Blantyre. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo tena, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Na kituo chao kilichoko Nairobi, kiitwacho RECSA, kimezipatia nchi wanachama mashine za kuchapa alama juu ya silaha za serikali. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulikubali utaratibu wa kufuatilia silaha, ambao unataka kumbukumbu za kutengenezwa kwake zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 30, na kumbukumbu nyingine kwa muda usiopungua miaka 20. Nchini kwetu sheria itumikayo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwaka 2016 wamiliki wa silaha waliagizwa kuzipeleka zihakikiwe upya.

Kwa nini miaka 20 na 30? Kwa sababu bunduki huishi kuliko mwenyewe. Shati huchakaa, jembe huliwa na udongo, bali bunduki iliyopakwa mafuta vizuri huweza kuua mjukuu wa yule aliyeinunua. Basi ni lazima kitabu nacho kiishi umri wa bunduki. Daftari lililoliwa na mchwa ni sawa na shahidi aliyekufa kabla ya kesi.

MFANO WA MTUKUFU MTUME S.A.W.

Baadhi ya watu hudhani kwamba mambo haya ni ya serikali tu, hayahusu dini. Sivyo hata kidogo. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliishi katika nchi ambamo kila mwanamume alikuwa na upanga, na zama hizo hazikuwa na polisi wala ofisi ya msajili. Hata hivyo alilifunga jambo la silaha kwa adabu kali.

Aliagiza kwamba mtu apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Alikataza kupokezana upanga ukiwa nje ya ala. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauteleza mkono wake. Angalieni, ndugu zangu: katika hayo yote hakuna aliyekusudia kuua. Mtume s.a.w. alizuia madhara yasiyokusudiwa, akaufanya usalama wa mpita njia kuwa deni juu ya shingo ya mwenye silaha.

Lakini mfano ulio mkubwa zaidi katika somo letu ni ule wa vita vya Hunaini, mwaka wa nane wa Hijra. Makka ilikwisha tekwa. Mtume s.a.w. alikuwa mshindi na mtawala. Palikuwepo bwana mmoja, Safwan bin Umayya, ambaye alikuwa bado hajasilimu na aliyekuwa adui mkubwa wa Waislamu. Huyo alikuwa na deraya nyingi, yaani mavazi ya chuma ya vitani. Mtume s.a.w. alipozitaka, Safwan aliuliza kama anazichukua kwa nguvu. Akajibiwa: Sivyo, bali ni azima yenye dhamana. Vita vilipokwisha deraya zilikusanywa, zikaonekana kupungua. Mtume s.a.w. hakunyamaza wala hakutoa udhuru wa vita. Alijitolea kumlipa Safwan zile zilizopotea. Safwan hakutaka malipo, kwani moyo wake ulikuwa umekwisha badilika.

Ndani ya kisa hiki mna mambo matatu ya kuzingatia sana. Kwanza, mtawala mwenye nguvu hakumnyang'anya raia dhaifu zana zake, bali alizichukua kwa mapatano. Pili, zana hizo zilijulikana hesabu yake zilipotoka na zilipogeuka. Kwani zisingehesabiwa, upungufu ungejulikana namna gani? Tatu, aliyepokea alijiona kuwa ni mwenye kuwajibika kwa kila iliyopotea. Mapatano, hesabu, na kuwajibika: mambo haya matatu ndiyo mafunzo yote ya kutunza kumbukumbu za silaha. Na Hadhrat Umar r.a., Khalifa wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 634 hata 644, alipoona dola imepanuka na kumbukumbu za kichwani hazitoshi, alianzisha madaftari ya serikali yaliyoitwa diwani, ambamo majina ya askari na haki zao yaliandikwa. Kwa hiyo daftari la serikali si uzushi wa wazungu. Ni sunna ya watawala waadilifu.

SWALI LA GOBOLE

Sasa nije kwenye swali ambalo ndugu wengi wa vijijini, kutoka Momba hata Ileje, na kutoka Mbozi hata machimbo ya dhahabu ya Mkwajuni na Saza, wanalo moyoni hata kama hawalisemi. Wao husema: "Hili gobole aliniachia marehemu babu. Sijamwua mtu. Ninafukuzia nguruwe mwitu na ngedere wanaokula mahindi yangu. Nikilipeleka polisi, watalichukua, au watanifunga. Afadhali likae darini."

Hofu hiyo haikuzuka bure, nami sitaidharau. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalipatana kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika, ardhi hii ya Songwe ikiwa ndani yake, bunduki ziwekwe katika maghala ya serikali, zichapwe alama na kuandikwa. Walitaja sababu nzuri, nayo ni kuzuia biashara ya utumwa; lakini wenye kushika daftari walikuwa ndio hao hao walioitwaa nchi. Mzee aliyeonja hayo aliwarithisha wanawe neno hili, kwamba kuandikwa ni kukamatwa. Lakini hali imebadilika. Serikali ya leo ni yetu, na aliyekaa ofisini ni mtoto wa jirani. Kurani Tukufu inatuamuru tumtii Mwenyezi Mungu, na Mtume, na wenye mamlaka miongoni mwetu. Sheria inayotaka silaha iandikwe haimzuii mtu kusali wala kufunga. Basi mwumini ana udhuru gani wa kuivunja?

Tena fikiri, ewe mwenye gobole darini. Je, unajua mwanao atalifanyia nini siku ukifa? Silaha hairithiwi kama mbuzi au shamba la kahawa. Kibali ni cha mtu, nacho hufa pamoja naye. Warithi yawapasa kuipeleka silaha polisi. Je, unajua mjukuu wako wa miaka saba hapandi darini? Je, mwizi akiliiba usiku, utakwenda kutoa taarifa? Huwezi, kwani kwa kutoa taarifa utajishitaki mwenyewe. Basi utanyamaza. Na likitumika kumwua dereva barabarani au mchimbaji machimboni, kunyamaza kwako kutakuwa kumeshiriki. Mwenyezi Mungu ameihesabu roho ya mmoja aliyeuawa bila haki kuwa sawa na roho za watu wote. Je, mahindi ya msimu mmoja yana thamani hiyo?

Njia ya halali iko wazi. Mwenye haja ya kweli na aombe kibali. Maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji, ambao humjua mtu na mwenendo wake. Asiye na haja aisalimishe. Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wenye kusalimisha silaha haramu, na Serikali ya Tanzania nayo mara kwa mara imetangaza muda wa kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa. Anayeona haya kwenda peke yake na afuatane na sheikh wake, au mchungaji wake, au mwenyekiti wa kijiji. Hapana aibu katika kurudi kwenye haki.

KWA MWENYE KUSHIKA KALAMU

Lakini ingekuwa dhuluma kuwahubiria raia peke yao nikawaacha wenye kushika daftari. Wewe karani, wewe askari wa zamu, wewe ofisa wa forodha: amana hii iko mikononi mwako. Kurani Tukufu inaamuru kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na kwamba tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Ukiandika namba isiyo sahihi kwa uvivu, umeua shahidi. Ukipokea fedha ili ukurasa mmoja upotee, hukuuza karatasi. Umeuza damu ya mtu usiyemjua, na huenda akawa ni ndugu yako. Ukimtukana na kumtisha mzee aliyekuja kwa hiari na gobole lake, umewafunza wazee mia wengine kuyaficha yao. Mwandishi asidhuriwe, ndivyo alivyoamuru Mungu. Lakini mwandishi naye asidhuru.

Tena serikali yenyewe inayotaka raia aandikishe gobole moja, haina budi kuwa ya kwanza kuhesabu yaliyomo maghalani mwake. Milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, iliyoua watu zaidi ya 20 kila mara, inatukumbusha kwamba baruti iliyowekwa karibu na nyumba za watu si kitu cha kusahauliwa. Kujua kilichomo, umri wake, na hali yake ni sehemu ya kumbukumbu hizo hizo. Mtume s.a.w. alitoa dhamana kwa deraya za Safwan; mtawala wa leo hakuzidi kwa cheo hata asitoe hesabu.

Na sisi sote, raia na maofisa, tusisahau kwamba liko daftari jingine. Waandishi watukufu wa Mwenyezi Mungu huandika yote tuyatendayo. Kitabu chao hakiachi dogo wala kubwa, hakiliwi na mchwa, wala hakina ukurasa unaouzwa. Mtu aweza kuificha bunduki isionwe na mkuu wa kituo cha Tunduma, na aweza kuipitisha usiku mbele ya walinzi wa mpaka, lakini hawezi kuipitisha mbele ya hao. Anayeiandikisha silaha yake hapa duniani kwa ukweli anajizoeza kwa siku ile atakapopewa kitabu chake akisome.

Mwenyezi Mungu azijaalie nchi zetu amani, aujaalie mpaka wetu uwe wa kupitisha riziki na si mauti, awape ujasiri wenye silaha zilizofichwa wazitoe, na awape uaminifu wenye kushika kalamu. Amin.